Uwanja wa Mawe Matatu

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: mtu akisema kweli kwa sababu ya kijicho, je, hiyo bado ni kweli? Nililigeuza huku na huku. Nilijiambia kwamba kweli ni kweli hata ikitoka kinywani mwa mwizi. Kisha nikajiambia kwamba kisu nacho ni kisu, lakini mpishi na muuaji hawakishiki kwa nia moja. Kulipokucha nilikuwa na maswali mawili badala ya moja, na kichwa kinaniuma.

Swali lilitoka Mazingara. Mwenyekiti wa kijiji alikuja ofisini kwetu Handeni, akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Ndugu Afisa," alisema, "wewe ni mtu wa serikali, tena ni mtu wa sanaa. Hebu tuambie. Yale mawe matatu ya zege pale uwanjani kwetu ni bikoni au siyo bikoni?"

Bikoni ni zile alama ambazo wapima ardhi huzichimbia kuonyesha mipaka, na wakati ule wa kuhamia vijijini hakuna aliyekuwa hajaonywa kwamba anayegusa bikoni atakwenda kuieleza serikali vizuri. Kama mawe yale ni bikoni, mwenyekiti alieleza, uwanja utabaki wazi kama ulivyo. Kama siyo, basi nguzo yangu, ile niliyoichonga mwaka mzima na ambayo wilaya imeamua isimamishwe Mazingara kwa ajili ya sherehe za Uhuru, itawekwa katikati yake. Mahali pa heshima.

Jibu nilikuwa nalo. Siyo bikoni. Ni sanamu. Aliyeitengeneza ndiye aliyenifundisha mimi kushika patasi, nayo ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kufanya. Nikimjibu mwenyekiti kwa neno moja la kweli, nguzo yangu itasimama katikati ya kazi yake na kazi yake itakufa, bila mtu kuigusa hata kwa kidole. Nikamwomba mwenyekiti anipe siku chache.

Ukoo wa mwalimu wangu huyo na mahali alikozaliwa nawaachia wanaopenda mambo hayo. Mimi nilimkuta akiwa tayari mtu mzima, mwalimu wa kazi za mikono katika shule niliyosoma Korogwe, na pia jirani yetu. Mtaani walimwita Mchongaji, nami nitamwita hivyo, ingawa miaka yote niliyomjua sawasawa alikuwa ameshaacha kuchonga.

Asifikirie mtu kwamba namzungumzia mzee mnyenyekevu. Unyenyekevu haukuwahi kupiga hodi kwake. Suruali yake ya kaki ilikuwa na mkunjo ulionyooka kama makali ya panga, na hakumruhusu mtu mwingine aishike pasi. "Mke wangu anapiga pasi nguo," alikuwa akisema. "Mimi napiga pasi mstari." Ukimpita barabarani bila kumwamkia, alikuita kwa sauti hadi ugeuke, kisha akakuamkia yeye, shikamoo, yeye mkubwa kwako wewe mdogo, mbele za watu, mpaka utamani ardhi ipasuke.

Alisema sana. Redio ikisema, naye alisema. Mpira ukitangazwa, alimwelekeza mtangazaji. Msibani ilibidi wamketishe karibu na shehe ili apate haya kidogo. Na alikuwa mwizi wa vichekesho. Ungeweza kumsimulia kichekesho asubuhi, ukakikuta adhuhuri kinazunguka sokoni kwa jina lake. Mimi aliniibia vingi. Wizi wenyewe haukunikera. Kilichonikera ni kwamba nikikisimulia mimi, watu walitabasamu, na akikisimulia yeye, walishika mbavu.

Nyumba yake ilijaa hadi mlangoni. Makopo matupu ya maziwa ya unga, kalenda za miaka iliyopita, saa za ukutani zisizokubaliana, viti vya watu waliokuja kumwomba avitengeneze na kuvisahau. Ili kufika jikoni ulipita kwa ubavu. Mke wake, mama mmoja wa Mpale mwenye ulimi mwepesi, alikuwa haishi kushangaa.

"Mtu anaweka jiwe moja kiwanja kizima," alisema siku moja mbele yangu, sufuria ya wali mkononi, akitafuta pa kuiweka, "halafu kwangu hakuna pa kutua sufuria!"

"Nyumba ni mfuko, mama," Mchongaji akamjibu. "Mfuko hutiwa vitu."

"Na uwanja?"

"Uwanja ni kinywa. Kinywa kikijaa hakisemi."

"Basi kijaze chako," mama akasema, akamwekea sufuria magotini.

Somo lake la kwanza darasani kwetu halikuwa na patasi wala tezo. Alituamuru tutoe madawati yote nje. Tukayatoa, tukishangilia, tukidhani ni likizo. Chumba kikabaki kitupu na vumbi lake. Akaleta tofali moja, akamwita mmoja mmoja aliweke anapoona panafaa. Nilipoitwa mimi, niliwaza sana. Nilikuwa mtoto wa kuwaza sana tangu hapo. Nikaliweka katikati kabisa, nikapima kwa nyayo kuhakikisha.

Alilitazama. "Umeliweka," alisema, "kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa."

Darasa zima likacheka. Kisha akainama, akalisogeza tofali kuelekea dirishani, siyo mbali, kama shibiri moja na kidogo, akaligeuza pembe kidogo tu. Sijui niseme nini kilitokea. Chumba kiliinuka. Dirisha lilikuwa pale siku zote na sasa lilikuwa dirisha la kitu fulani. Ukuta wa nyuma ulirudi nyuma. Mwenzangu mmoja akapiga makofi.

Ile shibiri moja nimeichukia maisha yangu yote. Mtu akiniambia kwamba nilikwenda chuo kikuu kwa sababu ya akili au kwa sababu ya taifa, namshukuru, lakini nilikwenda kuitafuta ile shibiri.

Kuhusu kuacha kwake kuchonga, alikuwa na sababu kwa kila msikilizaji. Kwa mganga wa zahanati alisema ni goti. Kwa mwalimu mkuu alisema ni uhaba wa miti mizuri. Kwa Wazungu waliokuja kutafuta vinyago alisema amekatazwa na ndoto. Mimi aliniambia kwamba alichoka kuchonga pua. "Ukishaweka pua," alisema, "mtu anaitazama pua. Hatazami tena alipo yeye mwenyewe." Siku nyingine alikana kuwahi kusema hivyo.

Siyo kwamba alikuwa hawezi. Juu ya kabati lake, kati ya makopo, kulikuwa na kichwa cha mzee alichokichonga ujanani, chenye kope zilizoinama na mdomo unaoelekea kusema neno. Wakati fulani aliponiacha sebuleni akaenda kuagiza chai, nilikigusa. Nilipitisha kidole juu ya kope. Nikatamani kianguke kivunjike. Halafu nikatamani kiwe changu. Kisha nikarudisha mkono magotini haraka, maana alikuwa anarudi, akisema.

Kazi yake ya kwanza ya namna mpya niliiona shuleni hapo hapo. Alipata boriti ndefu ya mvule iliyobaki kwenye ujenzi, akaisawazisha kwa randa siku nyingi, kisha akailaza chini tu kwenye nyasi, kando ya mahali tulipopanga mistari asubuhi. Hakuichonga chochote. Mwalimu mkuu akamshukuru kwa benchi. Wanafunzi wakaikalia. Nilimwona anatazama kutoka mlangoni pa karakana, nikamfuata kwa furaha ya kichinichini.

"Mwalimu, wanaikalia."

"Waache waikalie."

"Lakini siyo benchi."

"Wewe umekuwa unapanga mstari wapi siku hizi?" akaniuliza.

Nikafikiri. Mistari yetu ilikuwa imehama. Hakuna aliyetuamuru. Zamani tulikuwa tunajipanga ovyo kuelekea bendera. Sasa tulikuwa tunajipanga sambamba na boriti, tukiacha nafasi kati yetu na yake, nafasi ileile kila asubuhi, kama watu wanaoheshimu kitanda cha mgonjwa.

"Mimi sijafanya kitu," alisema, na mkunjo wa suruali yake ukaenda zake.

Chuo kikuu walinifundisha kwamba huko Ulaya na Marekani kulikuwa na watu wanaoweka masanduku ya chuma sakafuni, bila pambo, bila sura, na kusema kwamba chumba chote kinachoyazunguka ni sehemu ya kazi. Likizo ilipofika niliibeba habari hiyo hadi Korogwe kama mtu aliyebeba yai. Nia yangu, niseme wazi, ilikuwa kumwonyesha kwamba aliyoyafanya si yake peke yake.

"Mwalimu, kuna watu ng'ambo wanafanya kama wewe."

"Wasalimie," alisema, akaendelea kumenya chungwa.

Mimi nilichagua njia nyingine. Wakati ule kila mtu alizipenda zile nguzo za watu, gogo zima limechongwa watu wanaobebana, huyu juu ya bega la yule, kutoka chini hadi juu, bila upenyo. Ndiyo ilikuwa sura ya ujamaa wetu, na mikono yangu iliiweza. Nilipopata kazi ya utamaduni Handeni, wilaya ikanipa gogo la mninga na ruhusa ya kulichonga nyuma ya ofisi. Nilichonga wakulima, wauguzi, mama mjamzito, bibi aliyebeba mjukuu. Mchongaji alipita siku moja, akiwa safarini, akalizunguka gogo likiwa nusu.

"Wamebanana hawa."

"Huo ndio umoja, mwalimu."

"Umoja gani wa watu wasioweza kupiga chafya?"

Wafanyakazi wenzangu waliokuwa dirishani waliangua kicheko. Nikacheka nao. Jioni nilikata pua ya mkulima mmoja kwa bahati mbaya, ikabidi nimgeuze awe ameinama.

Sasa niseme habari za Mazingara, maana ndizo zilizonifikisha hapa.

Kijiji kilipoanzishwa, kabla mimi sijaajiriwa, wakubwa walitaka kumbukumbu. Walikuwa wameshasikia sifa za Mchongaji, wakamwita. Alikuja na begi moja na pasi yake. Watu walikuwa bado wanahamia kutoka mashamba yao ya mbali, wanakaa chini ya miavuli na maturubai wakingoja kuonyeshwa viwanja, na wapima ardhi walikuwa wanapita na kamba na vigingi. Mchongaji hakupima kitu. Alichukua watu waliokuwa wanangoja, wasio na la kufanya, akawasimamisha kwenye lile eneo lililoachwa kwa mikutano.

"Wewe mama wa kitenge cha kijani, rudi nyuma. Tena. Tena. Umezidi, njoo. Hapo! Usicheke. Haya, cheka, lakini usisogee."

Waliokuwepo wanasimulia mpaka leo. Mzee mmoja alisimamishwa asubuhi nzima hadi mkewe akamletea uji palepale. Kijana mmoja alisimama, akachoka, akachuchumaa, na Mchongaji akapiga kelele kwa furaha: "Hivyohivyo! Baki hivyohivyo!" Waligombania kusimama. Ilikuwa ndiyo burudani pekee kambini. Kila siku aliwapanga, akaenda kusimama mbali, akarudi, akawapangua. Kisha, kwa saruji iliyosalia kwenye msingi wa zahanati, akamimina mawe matatu pale waliposimama watu watatu wa mwisho. Moja linafika kiunoni. Moja linafika gotini. Moja liko chini kabisa, unaweza kulipita usilione. Yana pembe nne, hayana maandishi wala picha.

Wakubwa walikuja kuzindua wakaduwaa.

"Jembe liko wapi?" mmoja akauliza. "Mwenge uko wapi?"

"Jembe mnalo, mwenge mnao," Mchongaji akajibu. "Mlichokuwa hamna ni mahali pa kuvitazamia."

Hawakuelewa, na kwa kuwa hawakuelewa hawakugomba sana. Waliondoka. Naye akaondoka. Kijiji kikabaki na mawe matatu ya zege, katika siku ambazo kila kipande cha zege kilichochomoza ardhini kilikuwa na mwenyewe serikalini. Mtu mmoja akasema ni bikoni. Kufikia msimu wa kupanda kila mtu alijua ni bikoni, kwamba serikali imelitenga eneo lililo kati yake kwa jambo lake kubwa. Hakuna aliyejenga pale. Hakuna aliyefunga mbuzi. Wanawake wa nyumba za jirani waliufagia kila asubuhi, maana mgeni mkubwa angeweza kufika siku yoyote.

Nilipopelekwa Mazingara mara ya kwanza kikazi, nilijua kwa nani nimefika kabla sijaambiwa. Nilisimama pembeni na faili langu. Kijiji chote kilikuwa nyumba zilizopangwa kwa kamba, sawasawa, kama meno, kisha ghafla paliachwa pumzi. Vilima vya mbali vilionekana vimesogea kutazama. Mama mmoja akakatiza na ndoo ya maji kichwani. Nimeona maelfu ya akina mama na ndoo. Alipopita kati ya jiwe la kiunoni na la gotini, nilimwona. Sina namna nyingine ya kulisema. Alikuwa mtu mzima kamili, peke yake, na mwanga wote wa Handeni ulikuwa wake, hadi alipotoka upande wa pili na kuwa tena mama mwenye ndoo.

Nikafikiria gogo langu, watu wangu wote wale, na kope zao na vidole vyao. Hakuna hata mmoja niliyekuwa nimempa kile alichopewa mama yule bure, akielekea nyumbani kupika.

Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Na hapo ndipo mwenyeji wangu aliponinong'oneza, kwa sauti ya mtu anayetunza siri ya taifa, kwamba hizo ni bikoni.

Basi hata makosa ya watu yalimfanyia kazi. Mimi nikikosea, pua inakatika. Watu wakikosea kwa ajili yake, uwanja unafagiliwa.

Kwa hiyo mwenyekiti alipokuja na swali lake, nilikwenda Korogwe. Nilijidanganya kwamba naenda kuomba ushauri. Nilichokuwa nakitaka, na niligundua nikiwa tayari mlangoni pake, ni aniombe. Nilitaka, mara moja tu, mtu huyu asiyehitaji kitu anihitaji.

Nilimkuta sebuleni, mguu mmoja juu ya kigoda, umevimba. Alikuwa hasafiri tena. Hakuwa ameinyoosha suruali yake, na jambo hilo lilinishtua kuliko mguu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, msomi wangu. Sogeza hizo kalenda ukae. Siyo hizo. Hizo za mama. Haya, kalia tu."

Nikamweleza yote: mwenyekiti, nguzo, sherehe, swali. Alisikiliza huku akicheka, na kila nilipofika kwenye neno bikoni alipiga paja.

"Bikoni! Unajua mimi nilisikia tangu mwaka uleule? Nikamwambia mke wangu, sijawahi kupata mlinzi mzuri kama huyo. Halipwi, halali, na hayupo."

"Sasa nijibu nini?"

"Wewe ndiye afisa."

"Nikisema kweli wataweka nguzo yangu katikati."

"Waweke. Ina watu wengi, hawatakuwa wapweke."

Mke wake alicheka huko jikoni. Nilikaa na chai yangu ikipoa, hasira ikinipanda taratibu. Hata sasa hakuwa na shida na mimi. Nikaaga. Nikasema nitafanya kama anavyosema basi, nitawaambia kesho. Akanipungia mkono na kuanza kunisimulia kichekesho ambacho mimi ndiye niliyempa miaka mingi nyuma.

Nilikuwa nimeshashika kitasa aliponiita.

"Majani," alisema. "Pale katikati majani yameota sana? Nilikuwa nimefikiri yataota. Nilikuwa nimekubali kwamba yataota."

"Hayajaota. Wanafagia."

"Nani?"

"Akina mama. Kila siku asubuhi. Uwanja ni mweupe kama sahani."

Akanyamaza. Nilimjua mtu huyu tangu utotoni na sikuwa nimewahi kusikia saa zake zikigonga, maana sauti yake ilikuwa inazifunika. Sasa nilizisikia zote, kila moja na wakati wake. Mke wake alitokeza kichwa mlangoni kuona kuna nini.

"Usiwaambie," Mchongaji akasema. Aliutazama mguu wake, siyo mimi. "Mwanangu. Waache waendelee kudhani ni bikoni. Wewe useme tu kwamba ni za serikali. Hilo ni neno dogo kwako."

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Nilikishika, nikakigeuza kama nigeuzavyo kila kitu, nikatafuta ladha yake. Haikuwepo. Alikuwa mzee mwenye mguu uliovimba anayemwomba mwanafunzi wake aseme uongo.

Njia nzima ya kurudi Handeni niliwaza. Nikisema ni bikoni, nitakuwa mkarimu, nitakuwa mwanafunzi mwema, na wanawake wale wataendelea kufagia kwa hofu ya mgeni ambaye hatafika, na uwanja ule utakuwa jela iliyopendeza. Nikisema siyo bikoni, nitakuwa mkweli, na nguzo yangu itapata mahali pa heshima, na sitajua hadi kufa kwangu kama ni mimi niliyesema au ni kijicho changu. Nilikuwa naogopa uongo kwa sababu moja na naogopa kweli kwa sababu kumi. Mahali fulani katika vumbi la njia ile niliona kwamba sababu zote kumi zilikuwa zimesimama juu ya gogo moja la mninga.

Asubuhi nilipanda trekta la kijiji lililokuja kuichukua nguzo. Tulipofika Mazingara watu walikuwa wamekusanyika, na vijana, kwa kunirahisishia, walikuwa wameshachimba shimo. Wengine walisema shimo siyo jengo, haliwezi kuhesabiwa kosa hata kama ni bikoni. Lilikuwa katikati kabisa. Walikuwa wamepima kwa nyayo.

"Ndugu Afisa," mwenyekiti akasema kwa sauti ili wote wasikie, "tunangoja neno lako. Ni bikoni au siyo?"

"Siyo bikoni," nikasema. "Hazijawahi kuwa bikoni. Serikali haijautenga uwanja huu. Hakuna mtu atakayekamatwa."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mwanamke mmoja mwenye ufagio alisonya kwa nguvu: "Kumbe! Na mgongo wangu huu!" Watu wakacheka. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba basi waweke magoli. Mwingine akauliza kuhusu mbuzi. Niliusikia uwanja ukianza kugawanywa kwa utani, na ni mimi niliyeufungua.

"Basi ni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Ni sanamu. Ila sanamu siyo mawe. Ni hapa mlipopaacha." Nikajaribu kueleza, nikaona nyuso zao, nikaona nimeanza kusema kama mtu wa chuo, nikaacha. "Nguzo yangu haiwekwi hapa. Ibaki kwenye trela."

"Kwani tumekosea nini? Shimo si hili? Tumechimba vizuri."

"Mmechimba vizuri sana, mwenyekiti."

"Sasa?"

Koleo lilikuwa limechomekwa kwenye kifusi, nikalichomoa. Viatu vyangu vya ofisini vilizama kwenye udongo laini. Niliutupia udongo shimoni, pale mahali nguzo ingesimama. Nilipochoka nilipumzika, kisha nikaendelea, na hakuna aliyenisaidia, nadhani kwa sababu hawakujua ni aina gani ya kazi.

Mwenyekiti alinisogelea, kofia mkononi.

"Msomi," akasema mwishowe, kwa upole, "unajifukia mwenyewe."

"Najua," nikasema, nikapanda juu ya udongo kwa miguu miwili, nikaanza kushindilia.